Fundi Aliyekataa Kuhama Salamabila

Niliondoka Kasongo kwa sababu mashine zetu zilikuwa zinaungua. Mimi na mwenzangu Mwamini tuna karakana ndogo. Tunaunda mashine za kugeuza umeme wa jua uweze kuendesha taa na friji. Saketi tunazijua. Kilichotushinda ni bobini, zile nyaya za shaba zinazozungushwa ndani. Mashine moja ilipotoa moshi mbele ya wakunga walioiagiza kwa friji yao ya dawa, walitupatia nafasi ya mwisho. Niliogopa kweli, maana jasho letu lote liko humo.

Asubuhi nikaifunga ile mashine iliyoungua kwenye pikipiki, nikaenda machimbo ya Salamabila kumchukua Amisi, fundi wa bobini anayesifiwa hadi kwetu. Njia ilikuwa matope matupu. Kijijini Lusangi nikalala kwa mama mmoja mkulima, akanipa ugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Unafuata dhahabu?"

"Nafuata bobini, mama."

Akanihurumia waziwazi.

Salamabila nilimkuta Amisi kwenye kichochoro cha mafundi wa pampu zinazokausha mashimo ya wachimbaji. Nikamwomba twende wote Kasongo.

"Mama, kule peke yangu niko bure," akasema. "Ngoja uone."

Akaifungua mashine yangu, akakuna kichwa, akagonga rimu kuukuu ya gari iliyotundikwa mlangoni. Majirani wakaacha kazi zao wakaja. Ndiyo desturi ya hapo, fundi akikwama anagonga. Mwanamke muuza nyaya akasema, "Huu uzi iko mwembamba sana." Mwingine akanusa rangi iliyopakwa juu yake: "Na verni iko mbichi!" Wakabishana, wakataniana, mpaka Amisi akazungusha bobini mpya. Kumbe zile pampu, ambazo bobini zake huungua kila siku, ziliwafunza wote pamoja.

"Kidole moja haivunji chawa," Amisi akaniambia. "Ukinitoa hapa, unabeba kidole tu."

Tukapatana: wao wazungushe bobini, sisi tuunde mashine.

Niliporudi Kasongo, Mwamini alitazama nyuma yangu.

"Fundi iko wapi?"

"Nimemwacha kwao."

Uso ukamsawijika. Tukaenda moja kwa moja kwa wakunga, nao wakasimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Nikawasha. Friji ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Mpaka jioni tuliigusa mashine kama mtoto anayeshukiwa homa, nayo haikupata moto. Nikakaa chini sakafuni, nikacheka peke yangu kwa furaha. Nilidhani maarifa hupakiwa kwenye pikipiki pamoja na mtu. Kumbe yana kwao, na anayeyataka huyafuata.

Mkunga mkubwa akasogea, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Basi," akasema, "mutuletee ingine."