Mwiko wa Kijiji cha Juu ya Ziwa Niliutunga Mimi

Nimekosa! Haya, nimeshasema. Sasa nipeni nafasi nieleze mwenyewe, maana watu wa kisiwa chetu cha Nosy Be, huku Madagaska, wameshanieleza vya kutosha mimi nisipokuwepo.

Jina langu sitalitaja. Si kwa woga! Kisiwa kizima kinanijua, hata mamba wa ziwani wananijua kwa sauti. Ninalificha kwa ajili ya mke wangu, Soa, kwa sababu niliyemkosea ni mama yake mzazi.

Mimi ni mzaliwa wa Mahajanga, wa ukoo uliotoka Ngazija. Mwishoni mwa miaka ya sabini, mji ulipotuwia mgumu sisi Wakomoro, baba alitukusanya na masufuria yetu tukahamia Nosy Be. Kiswahili hiki ninachowaandikia nilikipata kwa bibi na kwenye redio. Nyumbani na njiani sisi tunasema Kimalagasi, kwa hiyo maneno ya watu nitakayowasimulia nimeyageuza mwenyewe. Yakionekana yamenoga kupita kiasi, mnivumilie, ndivyo nilivyoumbwa.

Mchana nilikuwa kibarua wa kiwanda cha sukari pale Dzamandzar, jioni mwanafunzi wa shule ya watu wazima. Nikahitimu! Cheti nilikigongelea ukutani kwa misumari ambayo kimbunga kingeweza kubeba nyumba nzima kikakiacha kinaning'inia hewani. Kiwanda kilipofungwa, wenzangu walilia. Mimi nilikuwa na Kifaransa changu cha jioni, nikaanza kuongoza watalii kwa miguu kuzunguka ziwa.

Nalo ni ziwa! Limejaa ndani ya shimo la mlima wa volkano uliozimika, maji yake kijani kama chupa. Mamba wake ni watakatifu. Hakuna anayevua humo wala kuoga. Njia inafuata ukingo, kisha kwenye njia panda inapanda hadi kijiji cha kileleni, ambako mababu wa mke wangu walikimbilia wakati wa vita vya kale. Kuta zao za mawe zipo mpaka leo. Ukisimama pale, ziwa liko chini yako upande huu na bahari upande ule.

Na katikati ya kijiji lilikuwepo banda la mama mkwe wangu. Kwetu mtu huitwa kwa mwanawe, naye ni Mama Soa. Kila aliyezunguka ziwa alifika pale akiwa hoi, akakaa, akala wali wa nazi na kuku na achari ya maembe. Mama Soa alikuwa akisema dunia nzima imeshapita kwenye banda lake isipokuwa Papa, na huyo naye anaogopa mlima.

Shida ilikuwa mdomo wangu. Mtalii amelipa, amepanda ndege, umwambie mamba wamelala tu? Mimi niliwasimulia nilivyopigana na mamba kwa kiatu. Wengine niliwaambia nilimnyang'anya kiatu chenyewe mdomoni! Walifurahi, walinipiga picha, nilitembea kama mfalme hadi langoni mwa kijiji. Na pale langoni alikuwa amekaa Jao, kaka wa mke wangu, ananisubiri.

Jao, kabla sijamwoa dada yake, aliwahi kuniangusha kwenye morengy, zile ngumi zetu za uwanjani zinazopiganwa na ngoma ikilia. Niseme ukweli, mimi nilianguka kabla ngoma haijachanganya.

“Shemeji!” alipaza sauti kwa Kifaransa, wageni wote wasikie. “Umeshawaambia ulivyolala uwanjani?”

“Mwache mkwe wangu,” Mama Soa alidakia na mwiko wa kupakulia mkononi. “Hakulala. Alikuwa anasikiliza ardhi inasema nini!”

Kicheko! Wageni walimwaga chai. Na desturi yetu ya utani wa mashemeji haikuruhusu ukasirike. Ukikasirika umeshindwa mara ya pili. Kwa hiyo nilicheka kuliko wote, na hasira nikaishusha mlimani kimyakimya, kila safari, miaka na miaka.

Siku moja nilikuwa na kundi la Wafaransa walioniamini mno. Mama mmoja alikuwa ameandika habari ya mamba na kiatu! Tukafika njia panda, na kule juu nikasikia kicheko cha Jao. Miguu ikagoma. Wallahi, ilijigomea yenyewe.

“Mwisho ni hapa,” nikasema. “Kule juu ni fady.”

Fady ndiyo miiko yetu, waliyoweka mababu. Wageni wanalipenda neno hilo kuliko pwani na minazi.

“Fady gani?” wakauliza, macho yamewatoka.

Na mimi, mhitimu, nikawapa. “Mgeni mwenye viatu akivuka lango la kijiji kile, ziwa hupanda.”

Walitetemeka kwa raha. Nikawateremsha nyuma ya mlima, nikala mkate mkavu, nikajiona mjanja wa karne!

Waongozaji wenzangu wakaisikia, wakaidaka. Njia inakuwa fupi, mteremko mtupu, na wateja wanasisimka. Kwa nini wapande? Hoteli moja ya upande wa Andilana ikaipaka rangi kwenye ubao, na picha ya ziwa linafurika. Uongo wangu ukawa unatembea haraka kuliko mimi niliyeuzaa.

Banda la Mama Soa likakauka.

Sasa sikilizeni nilichokosea hasa. Nilidhani akisikia atacheka, maana yule mama anacheka hata msibani. Hakucheka. Aliamini! Kwetu sisi fady haianguki tu kama embe. Mababu wakiwafungia watu mlango, ina maana aliye ndani ya nyumba amechafua kitu. Mama Soa akaanza kumtafuta mchafuzi, na akamtafuta ndani yake mwenyewe.

Akaacha kuimba. Akaacha kuteremka ukingoni kabisa. Soa akirudi kutoka kumtazama ananiambia, “Mama hali. Anasema amewaharibia wote.” Na mimi nageuza shingo, nasema wageni wamepungua mwaka huu, labda ni mambo ya ndege.

Kisha akaja mwenyewe Dzamandzar, amevaa nguo yake ya sikukuu, akakaa chini ya cheti changu.

“Mwanangu, wewe umesoma. Fady hii imetoka kwa nani?”

Hapo hapo ningesema! Mdomo uliomshinda mamba ukakosa neno dogo tu la “mimi”. Nikasema, “Mama, nasikia imetoka Mahajanga, kwa wale wanaotunza masalia ya wafalme.”

Kwa nini Mahajanga? Kwa sababu ni mbali! Maji, kisha barabara ya mashimo isiyokwisha. Nilidhani umbali utalizika lile swali.

Mama Soa akanyanyuka. “Basi nitakwenda kuomba radhi.”

Tulimsindikiza bandarini Andoany. Alichukua chupa ya asali na kitambaa cheupe kilichokunjwa, na Soa akaenda naye. Kikapu nilibeba mimi! Nikajikakamua nikasema, “Mama, bahari imechafuka. Si heri tungoje mwezi ujao?”

Akanitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi. “Na nikifa kabla, niwapelekee mababu uso gani?”

Mashua ikang'oa nanga. Mimi nikabaki napunga mkono kama mjinga anayeaga jeneza.

Waliporudi, Soa ndiye aliyesimulia. Walinzi wa kule waliwapokea kwa heshima, wakawasikiliza mpaka mwisho, wakasema: fady hiyo hatuijui. Haikutoka hapa. Haina mwenyewe. Mtafuteni aliyeitamka kwanza, maana isiyo na mwenyewe hakuna wa kuifungua.

Alipofika hapo akanikazia macho. Tumelala mto mmoja miaka mingi. Soa anajua uongo wangu unanukaje.

“Ni wewe,” akasema.

Sikukana. Hilo mniandikie upande wa mema, kama upo.

Akanipeleka juu. Watu wa kijiji wakakutana nyumbani kwa Mama Soa, nami nikasema yote mbele yao. Wakakwama! Desturi inajulikana: fady huondolewa kwa kumwomba aliyeiweka, na aliyeiweka siku zote ni marehemu. Huyu wao alikuwa amekaa mkekani, mzima wa afya, anaangusha jasho.

Jao, kwa utani wake ule ule, akasema, “Si tumfanye marehemu? Kazi iko wapi?”

Yeye alitania, wazee hawakutania. Wakanihamishia pembe ya kaskazini mashariki, pembe ya kuwaombea mababu. Wakanitandika begani kile kitambaa kilichokwenda Mahajanga na kurudi. Wakaniambia: usijibu lolote, wafu hawajibu.

Nikajua watanitukana. Nilikuwa tayari! Ningeyapokea matusi kama mvua.

Mama Soa akapiga magoti mbele yangu. Alijua ni mimi, alijua ni upuuzi nilioutunga njiani kwa sababu ya kicheko. Lakini neno likishafunga watu hufunguliwa kwa maneno kamili, hakuna nusu. Akaimimina asali miguuni pangu, akasema:

“Wewe uliyetufungia mlango, kama tulikukosea, utusamehe. Kama ni mimi niliyesuuza sufuria ziwani ule mwaka wa ukame, nishike mimi, waache wanangu.”

Ananiomba radhi! Mimi! Na siruhusiwi kusema kitu. Nilitaka kupasuka. Nikamtazama Jao, nikitumaini walau yeye atacheka, akawa ameficha uso ndani ya fulana yake.

Walipomaliza, Mama Soa akajifuta mikono. “Fady imekwisha,” akasema. “Lakini wewe sasa umeshaombwa, na sisi hatuli sahani moja na wanaoombwa. Utakula hapa siku utakaponipandishia wageni walioambiwa ukweli wote, kwa mdomo huo huo.”

Soa akabaki juu na mama yake. Nikateremka peke yangu.

Haya, hapo ndipo mnapotaka nijikunyate nilie. Sijikunyati! Nililia nikamaliza, kisha nikaanza kazi.

Waongozaji wenzangu walinifuata. “Kaushia, mzee. Fady inauza. Umeifungua huko juu, basi, huku chini tuachie sisi.”

Nikawaambia mtoto ni wangu na nitamzika mwenyewe. Kila asubuhi nikawa nasimama njia panda. Kundi likitokea, napiga ukelele kwa Kifaransa: “Uongo! Nimeutunga mimi! Pandeni!”

Mnajua wageni walifanya nini? Walinipiga picha! Mwongozaji wao aliwanong'oneza kwamba mimi ndiye mlinzi wa mwiko, na mlinzi lazima awajaribu watu kwa kuukana. Jamani! Nilipodanganya niliaminiwa mpaka Andilana, nikisema kweli nakuwa kivutio! Ile hoteli yenye ubao ikaacha kunipa wageni. Wengine wakasema nimerukwa na akili. Waseme! Niko pale pale, jua langu, mvua yangu.

Mpaka wakaja walimu wa shule kutoka Mahajanga, wanawake peke yao, wamekuja likizo. Hao sikuwapigia kelele. Niliwakalisha kwenye jiwe nikawapa yote: mamba ambaye sikuwahi kumgusa, ngumi ya Jao, ubao wa hoteli, asali miguuni. Mmoja alicheka hadi akashika mbavu. “Baba, umepigwa na shemeji yako ndiyo ukaufunga mlima mzima?”

“Ndiyo,” nikasema.

Wakapanda, viatu miguuni. Ziwa lilitulia kimya kama maji ya kisima.

Mama Soa aliwapokea kwa mikono miwili. Wakala mpaka wakafungua vifungo vya sketi. Mbele yangu haikuja sahani. Nilikaa nanusa wali wa nazi kama mbwa wa harusi! Mwishoni kabisa akamimina maji kwenye sufuria yenye ukoko, akayachemsha, yale maji ya ukoko tunayokunywa baada ya mlo, akanisukumia bakuli.

“Hawa ni wa kwanza,” akasema. “Wali una safari bado.”

Nikayanywa yote, moto vile vile, nikamrudishia bakuli na kuomba tena. Soa alikuwa mlangoni. Akageuka upesi, lakini mabega niliyaona yanacheka.

Basi nanyi mnaoongoza wageni, mnaouza hadithi, mnaokaa na mashemeji wenye midomo: danganyeni kuhusu nguvu zenu, danganyeni kuhusu mamba, nitawapigia makofi. Lakini msitie maneno yenu vinywani mwa wafu wa watu! Kuna mama mahali fulani atayaamini, ataanza kujitafutia kosa ambalo hakulifanya, na siku ya kuyafungua atapiga magoti mbele yenu nanyi mtatakiwa kunyamaza. Asiwaambie mtu kwamba hayo yanazoeleka.

Mimi sijamaliza. Wanaotaka nione haya nijifungie ndani watangoja sana. Kesho napanda tena. Nina wageni, nimeshawaambia ukweli wote, na njaa ninayo.