Walivuta Wavu Kwanza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau na sitaki kuisahau. Ulikuwa mchana wa joto kule Irving, hapahapa Marekani, ndege zikitua juu ya vichwa vyetu kama kawaida, nami nilikuwa nimemaliza kumnyoa mzee mmoja aliyeitwa Lucius. Nilikuwa kijana bado, sijamaliza hata mwaka tangu nitoke Voi, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huku nikisomea unesi. Leo ukiniona hapa Mansfield na fimbo yangu, unanijua kwa ukali. Enzi hizo nilikuwa mpole. Nilikuwa mpole mpaka inaudhi, na nitakueleza jinsi upole ule ulivyonitoka.

Mzee Lucius alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa pwani ya Ghuba ya Meksiko. Ujana wake aliumalizia ndani ya meli ya mvuke ya kuvulia samaki. Usifikirie samaki wa kukaanga. Walikuwa samaki wadogo wenye mafuta mengi, ambao hakuna aliyewala. Walipelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta, kisha makapi yakasagwa kuwa mbolea na chakula cha kuku. Wanaume weusi walishuka kwenye mashua ndogo, wakawazunguka samaki kwa wavu mmoja mkubwa, wakauvuta kwa mikono huku wakiimba ili nguvu zao ziende pamoja. Kazi ya Lucius ilikuwa chini, kwenye tumbo la meli. Yeye na rafiki yake Raymond walitupa makaa kwenye tanuri ili maji yachemke ndani ya boila na mvuke wake uzungushe injini. Aliniambia kule chini joto lilikuwa linamkausha mtu machozi kabla hayajatoka.

Mikono yake ilikuwa na makovu yanayong'aa, kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko. Ilinishtua mara ya kwanza nilipoiosha, kwa sababu makovu yale niliyajua. Baba yangu alikuwa mchochea moto kwenye treni za mvuke, zile za Mombasa kwenda Nairobi, na alikuwa na kovu la namna hiyo shingoni. Tulikuzwa tukijua kwamba kovu la Baba haliulizwi.

Basi mchana ule walikuja wageni wawili kutoka Houston. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikiifufua ile meli ya Lucius, na mwingine msichana aliyeshika rekoda. Meli ilikuwa imelala kwenye matope miaka mingi, inaliwa na kutu. Wao waliivuta, wakaanza kuitengeneza iwe makumbusho. Nakuomba usidhani mzee alikuwa mtu wa kinyongo. Alifurahi sana! Alitaka shati jeupe, akataka nimpake mafuta usoni. Alipoambiwa injini ipo nzima, alicheka kama mtu aliyeletewa salamu za ndugu.

Wakamwomba wimbo wa wavuta wavu. Akaimba. Sauti yake ilikuwa nzito, imekwaruzika kidogo, na wazee wengine wakasogea mlangoni na viti vyao kusikiliza. Mwenyekiti akapiga makofi.

"Wimbo huo," Lucius akasema, "ndio waliokuwa wakiimba Raymond alipokuwa anakufa. Sasa sikilizeni."

Akaanza kusimulia. Boila ina vali ya usalama: mvuke ukizidi, inafunguka yenyewe ili chuma kisipasuke. Siku hiyo nahodha aliona samaki wengi mbele, na meli nyingine inawakimbilia. Akaagiza vali ifungwe kwa waya ili waongeze mwendo. Raymond akamwambia haifai. Nahodha akamjibu kwamba bandarini kuna watu wengi wanaoitaka kazi yake. Wakaifunga. Waliwahi samaki, ndiyo, na mashua zikashushwa. Kisha bomba la boila likapasuka na mvuke ukamwagikia Raymond usoni na kifuani. Lucius alimburuta ngazini kwa mikono yake, na ndipo mikono ile ilipoungua.

"Ile meli nyingine ilikuwa karibu," akasema, "karibu kiasi kwamba niliona watu wake wanakunywa kahawa. Wangemchukua Raymond wakamkimbiza pwani. Nahodha hakuwapa ishara. Aliogopa wakija watachukua samaki wake. Aliwaambia watu wavute wavu kwanza. Nao wakavuta, na huwezi kuvuta wavu ule bila kuimba. Kichwa cha Raymond kilikuwa mapajani mwangu, na..."

Hapo nikasikia kitu kikilia, tap. Mwenyekiti alikuwa amenyoosha mkono na kuizima rekoda. Akatabasamu, akasema, "Hayo ni mazito, Lucius. Turudi kwenye wimbo. Una wimbo mwingine?"

Mwanangu, hadi leo nausikia mlio wa kile kitufe.

Lucius akaanza kutetemeka. Mimi nikafanya nilichofundishwa. Nikamwekea mkono begani, nikawaambia wageni mzee amechoka, nikawasindikiza. Niliporudi nilikuwa na mashine ya presha mkononi. "Tulia, mzee wangu," nikamwambia. "Presha itapanda. Hayo yameshapita."

Akaisukuma ile mashine.

"Yamepita kwa nani?" akaniuliza.

Nikaishika mashine tena.

"Hii ni hasira, binti. Siyo presha. Usinipe dawa. Yule bwana ameizima mashine yake kwa sababu hataki kusikia. Na wewe unanizima mimi kwa sababu unanipenda. Mwisho wa yote ni uleule, nimezimwa."

Nilijibanza kwenye chumba cha mashuka nikalia. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa kwa sababu alisema kweli. Jumapili nikampigia Baba simu Voi. Nikamuuliza ile siku aliyoungua shingo, nani mwingine aliungua. Akasema, "Laini inasumbua, mwanangu," akaniuliza habari za masomo. Laini ilikuwa safi. Nilikuwa nawasikia hadi kuku wa uani. Baba alizikwa na hadithi yake, na sisi watoto wake tuliomfundisha kunyamaza kwa kutomuuliza ndio tuliobeba jeneza.

Siku ya kuzindua meli, binti yake Lucius, Delphine, alituchukua kwa gari lake hadi Houston. Ni mwendo mrefu na Lucius hakulala hata kidogo. Tulipofika, meli ilikuwa nyeupe pe, na bendera ndogondogo kila mahali. Watu walikuwa wengi, na kwenye viti vya mbele walikaa wajukuu wa nahodha. Kiti cha magurudumu cha Lucius hakikuweza kushuka ngazi za chumba cha boila, kwa hiyo mzee akaniambia, "Nenda wewe. Uone, uje uniambie. Tafuta jina la Raymond."

Nikashuka. Wallahi, ingawa mimi ni Mkristo, niliapa kwa kila kiapo nilichokijua. Tanuri lilipakwa rangi nyeusi inayong'aa, ndani wameweka taa nyekundu ziigize moto. Mbele yake wamesimamisha sanamu la mtu mweusi, sepetu mkononi, anacheka. Meno yote nje! Ukutani kulikuwa na kibao kikubwa kinachomsifu nahodha kwamba hakuwahi kurudi pwani mikono mitupu. Na kutoka kwenye kipaza sauti pale darini ilikuwa ikitoka sauti ya Lucius, anaimba wimbo ule, ukiisha unaanza tena. Mahali Raymond alipoungulia, waliweka wimbo ulioimbwa akifa. Watoto walikuwa wanaucheza.

Nilipopanda juu, mzee akaniuliza, "Lipo?"

Ningekuwa yule wa jana ningemwambia lipo. Ningemwambia ili alale usingizi. "Halipo," nikasema. "Na wanaupiga wimbo wako kule chini."

Akafumba macho. Kisha akasema, "Nisukume mbele."

Mwenyekiti alifurahi kutuona. Akamtambulisha kama mchochea moto wa mwisho aliye hai, akampa kipaza sauti, akamwomba awaimbie wageni. Lucius akakishika kwa mikono yote miwili.

"Siimbi," akasema. "Chini ya miguu yenu alikufa mtu anaitwa Raymond. Vali ilifungwa kwa waya. Nahodha ndiye..."

Kipaza sauti kikakatwa. Mzee akaendelea kuongea, lakini sauti yake haikufika hata safu ya pili. Watu wakaanza kupiga makofi, wakidhani amemaliza. Makofi, mwanangu! Wanamfunika kwa makofi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa nimevaa sare ya kazi, na hata makaratasi yangu ya kuishi nchi hii yalikuwa bado hayajakaa sawa. Nikaenda nikasimama kando ya kiti chake nikapaza sauti, kwa Kiingereza changu cha Taita kisicho na aibu. "Anasema nahodha ndiye aliyeagiza!" Mzee akanitazama, akaelewa, akasema sentensi inayofuata polepole. Nikairudia. Akasema nyingine, nikairudia. Tukaenda hivyo, yeye na mimi, hadi pale kwenye habari ya wavu. Mwenyekiti akawa anasema, "Mwondoeni huyo nesi," na mlinzi akaja akanishika mkono, lakini Delphine akajisimamisha kati yetu kama ukuta.

Nyuma ya umati akasimama mzee mmoja mrefu, amevaa suti ya kanisani. Akavua kofia. "Ni kweli," akasema. "Nilikuwa kwenye mashua. Niliambiwa nivute, nikavuta. Niliimba." Akarudia hilo neno la mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi tena.

Nilipoteza kazi wiki hiyohiyo. Kamati ililalamika, na mkubwa wangu akaniambia nimemhatarisha mgonjwa. Nikahamia Grand Prairie, nikapata kazi nyingine, nikawa nesi. Delphine akamtafuta wakili na ule wimbo ukatolewa melini. Kuhusu jina, walikataa. Basi Delphine na waumini wa kanisa lake wakawa wanasimama kwenye lango la meli kila inapofunguliwa, wameshika bango lenye jina la Raymond, mvua au jua. Mimi nilikuwa naendesha gari kwenda Houston kila nikipata siku ya mapumziko. Lucius alifariki wakiwa bado wanasimama. Mwenyekiti alileta maua kwenye mazishi, na Delphine akayarudisha mlangoni kwa bwana huyo kwa mkono wake mwenyewe. Miaka baadaye, kamati ilipobadilika, waliweka kibao cha shaba. Kina jina la Raymond, na chini yake kimeandikwa kwamba alifariki kazini. Hakisemi kwa nini. Hakisemi wavu ulivutwa kwanza. Kwa hiyo bado nina hasira, na nikipata nguvu bado naenda kusimama.

Sasa nikwambie kwa nini nayasema leo. Mwezi uliopita, baada ya ibada hapa Mansfield, kijana wetu mmoja alikuja na vidole vimevimba kama ndizi. Mashine ya ghalani ilimbana. Msimamizi wake alimpa barafu na kumwambia asiandikishe ajali, wasije wakapoteza sifa ya kukaa bila ajali. Na yeye anatusimulia huku anacheka! Nilipopandisha sauti, mwenzake akaniambia, "Auntie, si u-relax tu. It's not that deep." Eti jambo si zito hivyo!

Sita-relax. Sikiliza wewe, na umwambie na huyo.

Mtu akikwambia utulie, kabla hujatulia jiulize ni nani atakayelala vizuri ukinyamaza. Ikiwa ni wewe, tulia. Ikiwa ni aliyekuumiza, ongea. Usicheke ukiumizwa kazini, maana kicheko chako kitachongewa sanamu. Hasira yako ipeleke kwa mwenyewe, mbele yake, kwa jina lake na mchana kweupe. Usiilete nyumbani ukampa mke wako au mtoto wako, hao hawakufunga vali. Wazee wenu walio huku na walio nyumbani, waulizeni mambo yanayouma wakiwa bado wanaweza kujibu, na wakianza kusema msiwapoze. Kaeni. Acheni watetemeke. Kutetemeka hakumuui mzee upesi kama kuzimwa. Na mkiona kitu cha kale kimetunzwa kikang'aa, meli au nyumba au reli, kipendeni, ni haki kitunzwe, lakini ulizeni nani alikuwa chini yake, na msitoke mpaka mjibiwe.

Mungu akulinde, mwanangu, uingiapo kazini na utokapo. Akupe wenzako watakaoacha kila kitu na kuja kwako kwanza ukianguka. Akupe sauti, na siku sauti yako ikikatwa, akusimamishie mtu wa kuirudia. Amina.