Vyungu Sitini Nyuma ya Kufuli

Mgomo wa wahadhiri ulipotangazwa, wenzangu bwenini walishangilia, wakafunga mabegi, wakaenda makwao. Mimi nilibaki. Nilikuwa na vyungu sitini vya maharage ndani ya banda la vioo, na maharage hayagomi.

Niliingia chuo nikiwa na miaka ishirini na saba, baada ya kuuza viatu vya mitumba tangu nimalize sekondari. Darasani waliniita Mama Viatu. Sikukasirika, maana nusu yao walikuwa wamevaa nilivyowauzia. Meza yangu ya sokoni aliishika dada yangu kwa miaka minne. Mwaka huo akapata kazi ya upishi katika hospitali ya mji mwingine, akaomba wamsubiri kidogo. Akanipigia simu kuniambia bila kuzunguka: atashika meza mpaka majina ya wahitimu yatoke mwisho wa mwezi ujao, kisha niipokee mwenyewe. Jina langu lisipokuwemo, nitalazimika kurudia mwaka mzima, na meza ya sokoni ikikaa wiki moja bila mtu, ina mwenyewe mwingine. Meza ndiyo iliyokuwa inanisomesha.

Kilichobaki kati yangu na shahada ni utafiti. Vyungu ishirini vilikuwa na samadi ya kuku, ishirini mboji, ishirini havikuwekwa kitu. Kila siku ya tatu nilipima urefu wa kila mche kwa rula, nikaandika kwa wino katika daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, na msimamizi wangu akatia saini pembeni. Vipimo kumi kwa jumla. Mgomo ulinikuta na vinne.

Nilimkuta msimamizi, tuliyemwita Daktari, chini ya hema langoni pamoja na wenzake, bango limelala mapajani. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba kesho ni siku ya kupima.

"Nikifungua lile banda nimefanya kazi," akasema. "Mimi nimegoma."

"Sikuombi ufanye kazi, Daktari. Nakuomba ufunguo tu."

"Ufunguo nao ni kazi."

Nimeuza viatu miaka mingi. Mtu akikataa huku ameshika kiatu, bado hajakataa. Nikamuuliza kama miche itaachwa ife kwa kiu. Akatazama barabarani, akasema mtunza bustani hakugoma, ana ufunguo wake wa kumwagilia, na yeye Daktari hawezi kujua nani anaingia mule akiwa ameketi hapa. Akainua bango lake. Nikaaga haraka kabla hajabadili mawazo.

Mtunza bustani tulimwita Mzee Mpira, kwa sababu ya mpira wa maji aliouburuta kutwa nzima. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na daftari lake dogo la umwagiliaji, kila siku anaandika saa na kutia saini, ijapokuwa hakuna aliyewahi kulisoma. Nikamwomba aweke saini na kwenye langu, awe shahidi kwamba nimepima.

"Nitasaini ninachokiona," akasema.

Kipimo cha tano kikapita, cha sita kikapita. Katikati ya vipimo nilikuwa kiguu na njia: langoni kusikiliza habari, bwenini, bandani, langoni tena. Leo serikali imekubali, kesho imekataa. Dada akipiga simu ananiuliza kama maharage yameshaiva tuyale, tujue moja. Alikuwa anatania, lakini mwishoni mwa kila simu alinikumbusha tarehe.

Siku ya kipimo cha saba nikakuta kufuli. Nikangoja asubuhi nzima. Mlinzi akaja kuniambia Mzee Mpira amekwenda kliniki na goti lake. Nikalizunguka banda mara tatu. Nikabandika rula kwenye kioo, nikafumba jicho moja nikijaribu kupima mche wa karibu, mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa. Saa kumi jioni nikaondoka mkono mtupu.

Kesho yake maharage yalikuwa na urefu wa kesho yake. Siku iliyopita hairudi kupimwa. Basi nilipopima cha nane bila shida, nikaketi bwenini na kufanya hesabu rahisi: nikachukua cha sita na cha nane, nikapata katikati, nikaongeza hapa na kupunguza pale ili isionekane imenyooka mno. Namba sitini, kwa wino. Zilipendeza kuliko za kweli.

Asubuhi ya kipimo cha tisa nikampelekea Mzee Mpira. Akavaa miwani, akatafuta tarehe, akafungua na daftari lake.

"Siku hii sikufungua mlango, binti."

Nikamwambia najua, lakini miche ilikuwemo na ilikuwa inakua, hilo hakuna anayebisha. Nikamwambia ni saini moja tu. Nikamweleza habari za dada na meza. Nilimtolea maneno yote niliyokuwa nayo, na mimi sikosi maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia daftari.

"Nikiweka hapa," akasema, "basi na zile nyingine nilizoweka hazina maana."

Alikuwa ameona tundu katika biashara yangu kabla yangu. Ukurasa sikuweza kuuchana, maana kurasa zilipigwa namba. Nikachukua rula, nikapiga mstari kukata safu nzima ya namba sitini, mbele yake, kisha nikaenda kupima cha tisa.

Mgomo ukaisha siku mbili baada ya kipimo cha kumi. Daktari alinipokea ofisini meza yake ikiwa na vumbi. Akapekua daftari langu taratibu. Kwenye safu iliyokatwa akasimama.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kichwani, Daktari."

Akanitazama. Akaanza kusema kwamba utaratibu unataka vipimo kumi, na saini ni za msimamizi. Nikamwambia utaratibu unataka na msimamizi pia. Sikupandisha sauti. Nikamwomba kitu kimoja: achukue rula, twende.

Alipima vyungu kumi alivyovichagua mwenyewe. Vyote vilikuwa vimezidi kidogo kipimo changu cha mwisho, kama inavyopaswa baada ya siku mbili. Akamwita Mzee Mpira, akaomba daftari la maji, akalinganisha tarehe moja moja. Mzee alisimama kando na mpira wake. Ilikuwa mara ya kwanza daftari lake kusomwa na mtu mwingine.

"Tutachora na tisa," Daktari akasema hatimaye. "Mstari wa grafu uache umekatika. Andika sababu."

Nikaandika: mgomo.

"Andika mlango ulifungwa."

"Ulifungwa na nani, Daktari? Atakayesoma atauliza."

Mzee Mpira akakohoa, akasema goti lake nalo liandikwe, maana mlango ulikuwa na funguo mbili. Basi nikaandika yote mawili: msimamizi mgomoni, mtunza bustani kliniki. Daktari akatia saini pembeni kwa haraka, kama mtu anayelipia asichokipenda.

Nikampigia dada hapo hapo mlangoni mwa banda. Nikamwambia jina litakuwemo, na grafu yangu ina pengo.

"Mimi sijui grafu," akasema. "Tarehe ile ile?"

"Ile ile."

"Haya. Uje na ndala tu mguuni, viatu vipo: nakuachia marobota mawili hayajafunguliwa."