Nyumba Tupu ya Cimpunda

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya jamii ya mahakama, hapa Bukavu, mkuu wa huduma alinipa daftari akaniambia nisikae. Kazi ya msaidizi wa jamii, alisema, hufanywa kwa miguu. Nami nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino. Kufika saa sita nilikuwa nimevishika mkononi.

Ninyi wasaidizi wa leo mna fomu nyingi; sisi tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa placement, yaani kumtoa mtoto kwao na kumkabidhi kwa kituo. Ya pili ni uangalizi: mtoto anabaki nyumbani, ila sisi tunapita kila juma kuona kama anakula na kusoma. Jaji ndiye aliyechagua, lakini alichagua kwa macho yetu.

Vita vilikuwa vimepamba moto nilipotumwa mtaa wa Cimpunda peke yangu. Nabintu, msichana wa miaka minane, alikuwa amefiwa na wazazi upande wa Shabunda, akaletwa kwa bibi yake mzaa baba. Mwalimu alituarifu kuwa amekonda. Nilikuta chumba kitupu: hakuna godoro, sufuria wala blanketi. Bibi alikuwa shambani. Nikaandika kwamba mtoto hatunzwi, apelekwe kituoni. Nilijivunia ukurasa ule, Mungu anisamehe.

Mbele ya jaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, bibi alikuwa amemshika Nabintu mkono kwa nguvu. Jaji alisoma, akaniuliza:

"Mademoiselle, kwenu godoro iko wapi?"

Godoro letu lilikuwa parokiani, pamoja na magodoro ya mtaa mzima, tangu waporaji waanze kupita. Mimi mwenyewe nililala mkekani.

Bibi akaomba neno. "Papa Juge, sufuria iko kwa jirani, chini ya kuni. Nikipika, narudisha. Vitu vyote nilificha kwa watu. Huyu mutoto tu ndiye nilibakia naye."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini ukondefu ulikuwa wa kweli, na jaji hakufunga dosie, yaani faili la mtoto.

"Nyumba ikikosa vitu, tunaiangalia," aliniambia. "Ikikosa mutu, ndiyo tunatoa mutoto. Andika uangalizi. Na utapita wewe mwenyewe, kila Alhamisi."

Nikapita, matope kwa matope. Masista walitoa maharagwe, Nabintu akanenepa, akapanda darasa. Alhamisi moja, vita vimetulia, nilikuta godoro limeanikwa juani na sufuria jikoni mwake. Bibi alinilazimisha kula bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikala nikilia, na kesho yake nikaomba dosie ifungwe.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa vilima. Kuna watoto niliowatoa kwao, na wengine ilibidi, sijutii. Ila kila ninapomfikiria Nabintu namshukuru yule jaji, maana bibi alizeeka akapofuka, na Nabintu ndiye aliyempikia, katika sufuria ileile, mpaka siku ya mwisho.