Moshi wa Mshumaa

Nesi wa kliniki aliniambia nijenge mazoea: kila asubuhi niwashe mshumaa, nifumbe macho, nivute pumzi polepole na kutafuta jambo moja jema la kuanzia siku. Basi kila asubuhi nakaa kwenye roshani yetu hapa ughaibuni, mtaa wa Parkdale, koti juu ya nguo za kulalia, nikilitafuta. Silipati. Nikichoka naupuliza mshumaa, na harufu ya utambi unaozimika inanirudisha nyumbani.

Mama alikuwa na jiko la mafuta ya taa. Chai ikishaiva alilitoa nje kulizima, maana moshi wake ungetukaba roho mle chumbani. Sisi tulikunywa chai ndani, yeye harudi. Siku moja nilimfuata, nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, macho kwenye ukuta wa jirani.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Nangoja moshi uishe, mwanangu. Rudi ndani unywe chai."

Niliinama nikaligusa jiko. Lilikuwa limepoa kabisa.

Leo asubuhi mlango wa roshani ulifunguka. Alikuwa binti yangu, begi la shule mgongoni. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, nafanya nini nje na baridi yote hii.

"Nangoja moshi uishe," nikamwambia.

Aliinama, akaugusa mshumaa kwa kidole. Nta ilikuwa imeshaganda.