Zir ya Haboba Nyuma ya Kioo

Nikisema "enzi zetu" mama anacheka mpaka anashika mbavu, kwa sababu nina miaka kumi na saba. Lakini sisi tuliokulia Rejaf tulikuwa na enzi zetu. Anayebisha amuulize mdogo wangu Lado kama amewahi kulaza shavu kwenye zir wakati wa jua kali. Lado anadhani maji huzaliwa kwenye chupa.

Zir ni ule mtungi mkubwa wa udongo wa maji ya kunywa. Ya Haboba, bibi yangu, ilikaa nje ya ua, kando ya njia, kwa ajili ya yeyote anayepita. Mwenye baiskeli alisimama, mama mwenye samaki kichwani alisimama, akafunua kifuniko cha ubao, akachota kwa kata ya kibuyu, akanywa, akasema "shukran" hata kama hakuna wa kumsikia. Tumbo la zir lilitoa jasho mchana kutwa. Mchanga wa chini yake ulikuwa mbichi siku zote, na kuku wa jirani walilala hapo kama wamelipa kodi. Maji yalinukia udongo wa mvua ya kwanza. Kazi ya kujaza ilikuwa yetu watoto, na tukinogewa na mchezo tulisikia sauti ya Haboba kutoka jikoni: "Nyinyi! Mnataka watu waseme hapa watu wamehama?"

Halafu tukahama kweli. Tulikuja mjini, mtaa wa New Site, kiwanja kidogo, ukuta, geti. Siku zile watu wa makumbusho walikuwa wanapita wakikusanya vitu vya zamani, na Haboba akawapa zir yake bila hata kujadiliana. Tulishangaa. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Leo nimempeleka makumbusho kuiona. Alivaa lawa yake ya kanisani, ile shuka inayofungwa begani, na kubeba mkoba. Ndani alizipita ngoma, akaipita mikuki, picha za bendera hakuzitazama kabisa. Alikuwa anaangalia milangoni.

"Haboba, unatafuta nini?"

"Zir yangu. Waliweka kwa mlango gani?"

Ilikuwa pembeni kabisa, nyuma ya kioo, imemulikwa taa. Haboba aliitazama, kisha akafungua mkoba akatoa ile kata ya kibuyu. Nilitamani sakafu inimeze, maana kulikuwa na wanafunzi karibu na walishaanza kucheka.

Kijana anayelinda ukumbi, mmoja wa hawa waliokulia Nairobi wanaomwita kila bibi shosh, alikuja mbio. "Shosh, pole, hiyo haiguswi."

"Mimi siguse. Mimi nataka kunywa."

"Haina maji, Shosh. Hiyo ni historia."

"Historia gani? Hii mimi nilinunua kwa soko, bado iko na nguvu! Mtoto yangu, watu wanatoka nchi mzima kuja hapa, na nyinyi mnawawekea zir kavu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ile watu wa makumbusho walipopita, yeye alisikia kwamba kunajengwa nyumba ya kupokea wageni wa nchi nzima, akaona zir yake imepata mahali panapostahili, mlangoni, watu wanywe. Mimi ninayeogopa hata kuitika jina langu darasani nilifungua mdomo. "Kaka, haiwezi kukaa pale mlangoni? Ikiwa na maji?"

Aliniangalia kwa huruma. "Ikitiwa maji, dada, siku moja itapasuka."

"Itapasuka, ndiyo," Haboba akasema. "Yote inapasuka. Tunanunua ingine."

 Kijana alikwenda kwenye kiti chake, akarudi na chupa yake ya maji akampa. Haboba akayamimina kwenye kata, akanywa kidogo, akampa yaliyobaki kwa kata hiyo hiyo. "Kunywa. Wewe unasimama hapa siku mzima." Kijana akatazama kushoto na kulia, akanywa yote.

"Shukran, Haboba," akasema.

Tumerudi nyumbani na Haboba amelala mapema, hakutaka chakula. Lado amekunywa maji nusu chupa na kutupa iliyobaki. Nje geti limefungwa, na mpita njia akishikwa na kiu New Site atafute kioski.

Kwenye kile kioo wameandika kwamba mitungi hii ilitumika kuhifadhi maji. Kuhifadhi! Yetu haikuhifadhi hata siku moja, ilikuwa inagawa tu, ndiyo maana tulikuwa tunajaza na kujaza mpaka mikono inauma, na sasa ningejaza tena bila kuitwa. Kabla hatujaondoka niliinama nikachungulia chini yake. Sakafu nyeupe, imepigwa deki, kavu kabisa. Hakuna kuku angelala pale.