Chui wa Mbao Juu ya Bufe

Bwana yangu alikuwa karani, na ugonjwa wake ulikuwa mumoja tu: karte. Miaka ile, mbele ya uhuru, Wazungu walitoa karte kwa Mweusi waliyeona amestaarabika. Mwenye karte aliweza kuingiza watoto wake masomo ya maana, na kwa sababu hiyo moja nilimuvumilia. Mengine nilicheka mpaka mbavu zikauma. Maana kwanza Wazungu walikuja nyumbani kwako kuchungulia: munakula na uma? Mashuka iko safi? Bibi anavaa viatu ndani ya nyumba? Mimi, viatu ndani ya nyumba! Mungu wangu.

Siku moja mukubwa wake alimutuma kwake kule Muhumba, mutaa wa Wazungu, kupeleka funguo. Akarudi macho yamemutoka, akaniambia:

“Maman, nimeona siri. Mu salon ya Muzungu, pale anapokaribisha wageni, muko wanyama.”

“Wanyama gani?”

“Kiboko ya jiwe juu ya redio. Tembo ya mbao, ya rangi. Kumbe mutu wa kustaarabika, munyama wake hatembei!”

Basi mbuzi wetu wawili, waliokuwa wanalala jikoni na kunipa joto, wakahamishwa kwa jirani. Wa maziwa atoke, wa mbao aingie! Akaenda kwa fundi mumoja, Murega wa Mwenga, aliyekuwa anachongea Wazungu sanamu kando ya barabara, akaleta chui mukubwa kama mbwa, akamusimamisha juu ya bufe, kabati yetu ya sahani. Rangi ya manjano, madoa meusi, na macho yenye hayakupatana: moja lilitazama mulango, lingine lilitazama sufuria yangu.

Mama mukwe alipomuona akashika kichwa. “Chui ni wa Mwami, wa mufalme! Nyinyi munamuweka juu ya bufe kama sahani?”

“Mama, hii ni sanaa,” bwana yangu akamujibu, kifua mbele.

Wakaja, Wazungu wawili wa karte, mumoja amevaa kaptula. Waliinua mito, walifungua sufuria, waliuliza kama ninakula meza moja na bwana. “Ndiyo, musiu,” nikasema, uongo mutupu, vidole vinalia ndani ya viatu. Yote ilikwenda vizuri mpaka yule wa kaptula akageuka akaona chui.

“Na hii, munaiabudu?”

“Hapana, musiu! Ni mapambo tu. Hata kwenu...”

Aka! Muzungu wa siku zile hukumwambia “hata kwenu”.

“Kwetu ni sanaa,” akasema. “Kwenu ni fetishi.”

Karte ikakataliwa palepale. Tena yule wa kaptula akabeba chui chini ya kwapa, ati ni ushahidi, wakaenda.

Bwana yangu alibaki amekaa mezani na uma yake mukononi, mbele ya sahani tupu. Mimi mwenye kucheka kila kitu, siku ile nililia kwa hasira. Kisha nikavua viatu, nikaenda kurudisha mbuzi wangu.

Musimu wa mvua ulipokwisha nilianza kuuza fraizi, yale matunda madogo mekundu ya Wazungu, nyumba kwa nyumba kule Muhumba. Madamu mumoja akanifungulia mulango. Nyuma yake, juu ya bufe, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma: chui wetu! Jicho moja kwa mulango, lingine kwa kikapu changu. Na yule wa kaptula amekaa na bia, anaonyesha wageni wake chui kwa kidole. Kifaransa changu kilikuwa kidogo, lakini hiyo nilisikia vizuri. Alisema alimutoa porini, yeye mwenyewe.

Porini! Nyumba yangu, na mashuka yake yaliyopigwa pasi, na mimi ndani ya viatu!

Nilipofika nyumbani, bwana yangu alikuwa anasugua viatu vyake. Alikuwa ameomba karte tena.

“Habari ya Muhumba?”

“Furahi, Papa. Mumoja wa hii nyumba amepata karte.”

“Nani?”

“Chui.”

Nikamuelezea yote. Hakucheka. Aliweka brosi chini, akanawa, akaomba bugali, na akakula na mikono.